Kona ya Ofisi ya Walimu: "Mbona habari za stafu nazisikia kwa wanafunzi?"

Wasomaji wangu, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa walimu wa shule za msingi, na nilivyozipanga mezani nikazisoma moja baada ya nyingine nikaona zinalilia kitu kimoja: mtu hajaambiwa. Hajaambiwa ratiba imebadilika, hajaambiwa mwenzake kafiwa, hajaambiwa nani atashika darasa lake akienda kujifungua. Nimefundisha msingi miaka 33, kumi na moja ya mwisho nikiwa mwalimu mkuu kabla sijastaafu, na naamini kabisa kwamba wale walimu tunaosema "hawana ushirikiano" wengi wao hawajagombana na mtu yeyote, ni habari tu zilipita pembeni yao mara tatu nne wakaamua kukaa kimya. Nitajibu kwa niliyoyaona, na barua ya kwanza nitakaa nayo sana.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mi nafundisha darasa la nne na la tano shule ya serikali hapa Kahama, tuko walimu 14. Shida yangu habari za shule zinanifikia mwisho. Jumatano iliyopita nimeingia darasani na zana zangu za sayansi nimehangaika nazo usiku, mara mtoto ananyoosha kidole ananiambia mwalimu leo si tunatoka saa nne, kuna kikao cha wazazi? Nikaona aibu mpaka nikashindwa kuendelea. Tuna grupu la wasap la stafu lakini humo ni video na salamu za asubuhi tu, alafu nimekuja kugundua kuna grupu lingine dogo la walimu sita pamoja na mwalimu wa taaluma, mambo yote yanapangwa humo. Mimi na wenzangu wawili tulioripoti pamoja hatumo. Nikiuliza naonekana mjuaji. Nifanyeje? (Mwalimu wa darasa la nne, Kahama)

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole kwa ile Jumatano. Hiyo aibu usiidharau, maana mtoto akishajua jambo la shule kabla ya mwalimu wake anajua pia kwamba mwalimu wake hahesabiwi, na kesho ukimwambia kaa chini atakuangalia mara mbili kwanza.

Sasa nikwambie kitu ambacho huenda hutakipenda, hilo grupu dogo liache. Magrupu madogo yapo kila ofisi, kuna wanaocheza mchezo wa hela pamoja, kuna waliosoma chuo kimoja, kuna wanaopanda daladala moja, ukianza kudai uingizwe utaonekana unatafuta urafiki wa kulazimisha na utakosa vyote viwili. Unachotakiwa kudai ni habari za kazi zirudi mahali pake, na mahali pake si kwenye simu ya mtu.

Zamani, na shule nyingi bado wanafanya, kulikuwa na kitabu cha matangazo. Kaunta buku tu ya kawaida. Mwalimu mkuu anaandika: leo vipindi vitaishia saa nne, kikao cha wazazi, mwalimu fulani atapokea wageni, alafu mtoto mmoja anakizungusha darasa kwa darasa na kila mwalimu anasoma anasaini. Ile saini ndo kitu chenyewe. Hakuna anayesema sikuambiwa na hakuna anayesema nilimwambia, na aliyekuwa anaumwa jana akirudi anafungua ukurasa anakuta kila kitu. Wasap inataka bando, inataka simu janja, inataka mtu awe ameishika simu saa hiyo, na mwalimu mzuri saa hiyo yuko ubaoni chaki mkononi. Na kila ofisi ina mzee mmoja mwenye kitochi ambaye hayumo kwenye grupu lolote, yule naye ana vipindi 24 kwa wiki kama wewe.

Kitu cha pili ni dakika kumi za Jumatatu. Sio kikao cha ajenda na mihutasari na mengineyo, hapana, ni kusimama tu ofisini kabla ya paredi. Mwalimu wa zamu anayemaliza anamkabidhi anayeanza mbele ya wote: choo cha wavulana mlango umevunjika, darasa la tatu kuna watoto wawili hawajaonekana wiki nzima, uji uliisha mapema Ijumaa. Alafu inasemwa nani hayupo wiki hii na vipindi vyake anashika nani. Basi, kengele inagonga. Mi nilikuwa naanza saa 1:20 na saa 1:30 tuko mstarini na watoto. Na kwenye ubao wa ofisini kulikuwa na kipande cha chati kimegawanywa tu, waliopo likizo, waliopo semina, wanaouguza, waliofiwa, na mbele ya kila jina jina la anayemshikia. Mwalimu akiingia ofisini anaona kwa jicho moja.

Na hapo usisahau mpishi na mlinzi. Hao nao ni stafu. Mpishi asipoambiwa kwamba darasa la saba leo wamekwenda mitihani ya kujipima shule ya jirani atapika uji wa watoto mia zaidi na mahindi ni ya wazazi. Mlinzi asipoambiwa kuna kikao cha kamati ya shule Jumamosi geti litafungwa na wazee watasimama juani.

Utasemaje sasa. Usiseme kikaoni, kikaoni mtu akiambiwa kasoro anajitetea. Nenda ofisini kwa mwalimu mkuu baada ya vipindi, peke yako, usiwabebe wale wenzio wawili ikaonekana mnakuja kama kundi. Mwambie kilichotokea Jumatano, kama kilivyotokea, bila kutaja grupu dogo wala jina la mtu, alafu mwambie: mwalimu, naomba mimi nisimamie ubao wa matangazo wa ofisini, wewe ukinipa habari mimi nabandika. Ndugu yangu, wakuu wengi hawafichi, wamelemewa. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya serikali wengi hawana karani, ndo yeye mhasibu, ndo yeye anajibu simu za halmashauri na za Afisa Elimu Kata, ndo yeye anapokea mzazi anayelia, na habari anaimwaga kwa wa kwanza kukutana naye koridoni. Na wa kwanza kukutana naye koridoni ni walewale sita kwasababu ofisi zao ziko karibu. Ukimpunguzia kazi hatakuona mjuaji.

Nalisema hili kwa uchungu maana kosa hili nimelifanya mimi. Nikiwa bado mgeni kwenye ukuu, mwalimu wetu wa darasa la pili alifiwa na baba yake Ijumaa jioni, akanipigia mimi. Nikawapigia walimu wanne ninaokaa nao mtaa mmoja, tukachangishana, Jumamosi tukaenda kuzika, nikajua nimemaliza wajibu wangu. Walimu saba walikuja kujua Jumatatu, tena mmoja alijulia kwa mwanafunzi, kama wewe. Yule mama aliporudi kazini tayari alishahesabu nani alikuja na nani hakuja, maana mfiwa anahesabu hata kama hataki, na wale saba walimpa pole lakini hakuna aliyesema hatukuambiwa, walimstahi. Karibu mwaka mzima alikunywa chai darasani kwake. Watoto wake wa la pili walikuwa hawajui kusoma vizuri na mwalimu aliyewapokea la tatu hakuwahi kwenda kumuuliza kwanini, na yeye hakuwahi kusema, yaani msiba wa Ijumaa ulikuja kuonekana kwenye madaftari ya watoto. Nilimwita nikamwambia kosa ni langu na wale saba nikawaambia vilevile, ila nilichelewa miezi mingi. Tangu siku ile simu ya msiba ikiingia kwangu sifanyi kitu kingine mpaka kila mwalimu kaambiwa, na asiye na simu kaenda mtu kumgongea.

SWALI: Habari za kazi Mwalimu. Nina miaka 52, nimefundisha hesabu msingi miaka 27, niko Masasi. Siku hizi kila Alhamisi mchana tunakaa kwenye Jumuiya ya Ujifunzaji, na sasa wanataka tuingie madarasani kuangaliana. Kijana aliyeanza kazi juzi anakuja kukaa nyuma ya darasa langu na daftari kunikagua. Wathibiti ubora wenyewe, wale wakaguzi wa shule, wanakuja kwa barua. Naona ni kudharauliana. (Mwalimu wa hesabu, Masasi)

JIBU: Nzuri mwalimu mwenzangu. Naelewa, na ningekuwa wewe na mambo yameletwa hivyo ningechukia vilevile. Lakini nadhani hapo shuleni kwenu kitu kizuri kimeanzwa kwa mguu mbaya.

Hizi jumuiya zimekuja chini ya MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini yanayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na wazo lake ni kwamba mafunzo yasiwe tu semina ya mjini anakwenda mwalimu mmoja kwa niaba ya kumi na nne akirudi na kabrasha linakaa kabatini. Walimu wakae shuleni kwao, wachague tatizo moja, walitafutie dawa, wajaribu darasani, wakutane tena waulizane limekwendaje. Yakiwashinda wanayapeleka klasta, yaani kwa kundi la shule jirani. Hakuna mahali panaposema kijana akukague.

Kinachoangaliwa ni watoto. Nitakupa mfano. Kwetu tulianza na madaftari, hatukuanza na kuingiliana madarasani. Tulimwaga mezani madaftari ya darasa la tatu, kutoa kwa kukopa, 52 kutoa 28, na karibu nusu ya watoto wameandika 36. Sasa wewe mtu wa hesabu unajua moja kwa moja walichofanya, mtoto ameona 2 kutoa 8 haiwezekani akageuza, 8 kutoa 2 ni 6, alafu 5 kutoa 2 ni 3. Mwalimu mmoja wa miaka mingi akatuambia mi huwa nawapa vijiti vimefungwa makumimakumi, mtoto mwenyewe anafungua fungu moja anaona kumi zimetoka wapi, hapo ndo neno kukopa linaingia kichwani. Kijana mmoja alikuwa ameajiriwa mwaka uleule, alikuwa anafundisha kanuni tu ubaoni, akaomba mwenyewe kwenda kuliona somo lile. Akakaa nyuma, akaandika watoto wanasema nini wakifungua fungu, hakuandika mwalimu kafanya nini. Wiki iliyofuata yule mzee akakaa kwa kijana.

Kwahiyo Alhamisi ijayo nenda na madaftari yako, yaweke mezani wewe mwenyewe wa kwanza, useme hapa watoto wangu wamekwama na mimi nimejaribu hivi na hivi. Ukishaanza wewe wa miaka 27 hakuna kijana atakayejifanya mkaguzi. Na huyo kijana muombe naye akusaidie kwenye vile vishikwambi tulivyogawiwa baada ya sensa ya 2022, vingi najua vimelala kwenye makabati, muulize namna ya kupata moduli za MEWAKA humo. Atafurahi kuombwa. Ila mwambie mwalimu mkuu wako jambo moja kwa msimamo, anayeingia darasani aombe siku moja kabla na daftari lake akimaliza alisome mbele ya mwenye darasa kabla ya kulipeleka popote. Hilo ni haki yako na ni heshima.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa taaluma, Iringa vijijini. Wazazi walichangia kidogo ikawa motisha kwa walimu wa darasa la saba wanaobaki jioni. Walimu wa la kwanza na la pili wamenuna, mmoja kaniambia wazi kwamba tusimuulize tena mtoto asiyejua kusoma. Na mwaka 2027 unakuja, nawaza tutafikaje kwa hali hii. (Mwalimu wa taaluma, Iringa)

JIBU: Marahaba. Huyo mwalimu wako wa la kwanza msikilize, amekasirika kwa haki.

Mtihani wa darasa la saba unafanyika siku mbili mwezi wa tisa na matokeo yanabandikwa kama kazi ya walimu wanne watano waliowafundisha mwaka ule. Lakini aliyemshika mtoto mkono kwenye penseli, akamfundisha herufi b na d mpaka akaacha kuzigeuza, yeye alifanya kazi hiyo miaka sita iliyopita, na siku ya matokeo hakuna anayemkumbuka. Kwetu matokeo yakitoka tulikuwa tunapika pilau shuleni, nami nilikuwa namuita mbele kwanza mwalimu aliyewafundisha wale watoto darasa la kwanza, kabla ya wote. Kama alishahamishwa tulimpigia simu mbele ya wenzake. Nilimuona mwalimu mtu mzima analia kwa simu.

Hela ya motisha ikija, iwe ndogo kiasi gani, ikae mezani mbele ya stafu nzima na isemwe imetoka wapi na imekubaliwa na kikao kipi cha wazazi. Mkikubaliana wanaobaki jioni wapate zaidi kwasababu ya muda wao, sawa, watu watakubali jambo walilolijua, wasichokubali ni kulisikia sokoni. Na iwe ya hiari kweli, mtoto asirudishwe nyumbani kwa ajili hiyo, elimu bila malipo ipo tangu 2016 na utajiingiza pabaya.

Kuhusu 2027 umenifurahisha kwamba unaiwaza. Kwa wasiofuatilia, mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awali, la kwanza na la tatu, na kwa sera mpya elimu ya msingi inaishia darasa la sita. Kwahiyo waliokuwa la tatu mwaka 2024 watamaliza la sita 2027, na waliokuwa la nne mwaka uleule 2024 wanaendelea na utaratibu wa zamani watamaliza la saba 2027 hiyohiyo. Madarasa mawili ya mtihani kwa mwaka mmoja, kwa mitaala miwili tofauti, na walimu ni walewale! Sasa ukiwa na stafu ambayo walimu wanne ndo "walimu wa mtihani" na wengine ni watazamaji utafanyaje hapo?

Anza kubadilishana kazi. Chukua watoto wa la tano na la sita, mpe kila mmoja aya fupi asome kwa sauti, utawapata wasiosoma, wapo kila shule. Hao wapeleke nusu saa kila siku kwa walimu wako wa KKK, wale wa la kwanza na la pili wanaofundisha kusoma, kuandika na kuhesabu, hakuna anayejua kumfundisha mtu kusoma kama wao, mwalimu wa la saba hajui, nakuhakikishia, mimi nilifundisha la saba miaka tisa na sikujua. Na walimu wa madarasa ya juu walipe kwa kazi, wachukue michezo ya la kwanza na la pili au wawashikie zamu. Liandikwe kwenye ratiba kabisa, lisiwe msaada. Na walimu watakaobeba la sita na la saba wa 2027 wajulikane mapema na watajwe kwenye kikao, wakae na walimu wanaofundisha watoto hao sasa, wasije wakapokezana faili tu Januari.

SWALI: Mwalimu, mi ni mwalimu wa kujitolea, nalipwa elfu hamsini na wazazi, wakati mwingine hailipwi. Stafu wana mfuko wa kufa na kuzikana, kila mwezi elfu tano. Nikisema sina wanasema sina ushirikiano. (Wa kujitolea, Kibaha)

JIBU: Mwanangu, sehemu ya kumi ya kipato chako kila mwezi ni nyingi mno, na kama hujui kama mwezi ujao utalipwa ndo kabisa. Mtafute mweka hazina wa mfuko, mwambie kiasi unachoweza, elfu moja, na uwe tayari pia kutoa nguvu, kwenda kupokea maturubai, kulala msibani, kushika madarasa ya walioenda kuzika. Na nyinyi wenye ajira mnaosoma hapa, jamani, wekeni kiwango cha wanaojitolea kwenye katiba ya mfuko wenu, iandikwe na wao pia wakifiwa watahudumiwa sawa na wengine. Mtoto huyu anashika darasa la watoto themanini kwa elfu hamsini. Ushirikiano gani mwingine mnautaka?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina ujauzito wa miezi mitatu, nilimwambia mwalimu mkuu kwasababu ya ruhusa za kliniki. Jioni yake nikakuta grupu la stafu limejaa hongera. Nilikuwa nimepoteza mimba mwaka jana, sikutaka watu wajue. Sasa siongei na mtu. (Mwalimu wa awali, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana sana. Nimesema juu kwamba habari zimfikie kila mtu, lakini kuna habari za shule na kuna habari za mwili wa mtu. Ratiba, msiba, fedha, semina, uhamisho ulioshatoka kwa barua, hizo ni za wote. Ugonjwa wa mtu, mimba ya mtu, ndoa ya mtu, mwenyewe ndo anafungua mdomo. Mwalimu mkuu alitakiwa aseme tu kwamba Jumanne hutakuwepo, fulani atashika awali, inatosha, sababu si ya ofisi.

Mwambie. Najua ni mkubwa wako, lakini mwambie faragha kama ulivyoniandikia mimi, na ile habari ya mwaka jana umwambie ukiweza, maana yeye huenda alidhani anakufurahisha. Wale waliokupa hongera hawana kosa, usiwanunie, wamefurahi tu na mtoto.

Alafu jambo la darasa lako. Likizo ya uzazi ni siku 84, wakija mapacha siku 100, kwahiyo watoto wako wa awali watakaa na mtu mwingine karibu miezi mitatu. Awali si darasa la kumsukumia yeyote mwenye nafasi, mtoto wa miaka mitano akikuta sura mpya asubuhi moja anagoma getini. Omba atakayekushikia aanze kuingia na wewe mwezi mmoja kabla, awe anakuja saa ya nyimbo na saa ya uji, watoto wamzoee, ajue yupi analia akiachwa na mama yake na yupi akitaka kujisaidia hasemi. Hayo hayaandikwi kwenye andalio lolote. Na ukiwa likizo, simu za "mwalimu rejista umeweka wapi" zisiwepo, kila kitu mkabidhiane kwa maandishi.

SWALI: Salaam Mwalimu. Mimi ni mwalimu mkuu, Dodoma. Kuna mzee wetu anastaafu kwa lazima mwezi ujao anatimiza miaka 60, yupo hapa tangu shule haina ukuta. Stafu wanataka kumfanyia sherehe, wamegawanyika, wengine wanataka bati, wengine kitanda, wengine hela mkononi, imekuwa ugomvi. (Mwalimu mkuu, Dodoma)

JIBU: Salaam mwalimu. Zawadi muulizeni mwenyewe, au mkeo akamuulize mkewe, ugomvi umeisha. Kama anajenga atasema bati.

Mimi ningependa uangalie vitu viwili kabla ya sherehe. Cha kwanza makaratasi yake. Wazee wetu wengi wanastaafu barua ya ajira ya kwanza imeliwa na mchwa, ya kuthibitishwa kazini haionekani, jina kwenye cheti lina herufi tofauti na jina kwenye hati ya mshahara, na hapo ndo safari za PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, zinapokuwa ndefu, mtu anapanga foleni na nauli yenyewe ya kukopa. Toa kijana mmoja wa stafu anayejua mambo ya mtandao, leo, sio mwezi ujao, akae naye faili kwa faili, wajue kipi kipo na kipi kikatafutwe kwa mwajiri. Zawadi hiyo inazidi kitanda.

Cha pili ni yale anayoyajua yeye peke yake. Mzee aliyekuwepo tangu shule haina ukuta anajua mpaka wa eneo la shule unapita wapi na nani alishuhudia, anajua bomba limezikwa wapi, anajua ule mti ulipandwa na darasa gani, anajua familia ipi ukiiandikia barua haiji lakini ukimtuma bibi wanakuja wote. Muombe atembee na stafu nzima kuzunguka shule, saa moja tu, kila mtu na daftari, wapishi na mlinzi wakiwemo. Tulimfanyia hivyo mwalimu mmoja kwetu, tulipofika nyuma ya darasa la sita akasimama akatuonyesha jiwe kwenye majani, tulikuwa tunalikanyaga miaka yote, kumbe ndo alama ya mpaka, na miaka miwili baadaye jirani alipoanza kuchimba msingi upande ule tulikuwa na walimu kumi na mmoja walioandika.